Barua za Msambweni kwa Jicho Kavu

Alhamisi, 5 Agosti 1971

Daftari jipya. Lile la zamani Mama alikwisha kulivumbua chini ya godoro. Jana aliniuliza, kwa upole kabisa, huyo bwana wa Posta ndiye nani. Kwa hivyo hili litalala ofisini, kwenye mtoto wa meza mwenye ufunguo. Ufunguo ninao mimi. Ndiyo faida ya kuwa karani wa ukumbi wa jamii — sijaona nyingine.

Leo ukumbi ulifurika. Sehemu ya pili ya "Mauaji ya Kisimani". Televisheni hii tuliletewa na halmashauri mwezi wa Mei ili watu waelimike: kilimo bora, usafi wa vyoo. Kipindi cha vyoo huja watu wanne, na mmoja wao huwa amelala. Mchezo wa leo walikuja mpaka wa Gazi, kwa baiskeli. Imamu naye amelalamika kwamba siku hizi, Alhamisi, watu huanza kutafuta viatu vyao kabla hajamaliza dua ya magharibi.

Katikati picha ilipotea. Antena tumeifunga juu ya mnazi ulio nyuma ya ukumbi, na upepo ukiigeuza, kioo hujaa mchele — nukta nyeupe tupu, zinacheza. Hapo ndipo aitwapo Mzee Chome. Ni mgema, mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya. Hupanda kwa vile vipandio vilivyochongwa kwenye shina, akaishika antena, na sisi chini tukamwelekeza: kulia, zaidi, rudi, papo hapo. Picha ikikaa, hushuka akatazama kutoka dirishani. Ndani haingii. Husema kuna joto.

Basi. Tajiri mmoja amekutwa kisimani, amekufa. Kando ya kisima pana alama ya mguu, dole gumba limejitenga mbali na wenzake. Inspekta Mageto akainama kuitazama — kwa muda mrefu mno, Kanze, wa viazi vya karai pale mlangoni, akasema hata maiti amechoka kungoja. Kisha akamkamata Ndoro, mchoma makaa. Dole ni lake.

Mjomba Iddi akasimama. Yeye hukaa mbele kabisa, kwenye kiti ambacho mwingine hakikalii. Alikuwa koplo wa polisi. Amestaafu, ila mgongo wake haujapata habari. Akatugeukia: "Hivyo ndivyo kazi ifanywavyo. Mguu haudanganyi." Watu wakampigia makofi kana kwamba yeye ndiye aliyemkamata Ndoro.

Kanze amesema mume kama Inspekta Mageto hata akichelewa kurudi nyumbani, utajua alikuwa na sababu.

Jumamosi, 7 Agosti

Gazeti limefika na basi la saa nne. Ukurasa wa saba, kuna mtu ajiitaye Jicho Kavu, na kazi yake ni kutazama michezo na kusema ni mibaya. Mwalimu Rai alitueleza kwamba huyo huitwa mhakiki. Kanze akauliza: kwa hivyo mtu hulipwa kwa kutopenda? Mwalimu akasema ndiyo. Kanze akasema wakwe zake wangelikuwa matajiri.

Nilisoma kwa sauti barazani. Watu kama ishirini. Nayanakili maneno yenyewe:

"Inspekta Mageto hutembea kama mtu aliyetumwa chumvi na hajui duka liliko. Na ushahidi wake ni upi? Alama ya mguu wenye dole lililotanuka — katika nchi hii, ambayo nusu yetu tulikua bila viatu! Kwa ushahidi huo wangekamatwa shangazi zangu wote. Askari wa namna hii hajapata kuwako popote, ila kichwani mwa mwandishi."

Wakadakia wote kwa pamoja. Mmoja akasema huyo ni mtu wa bara, hajui kitu. Mwingine akasema hana mke. Kanze alitoa gazeti lake la kufungia viazi, akautafuta ukurasa wa saba, akautenga kando. Asema hawezi kufungia chakula cha watu maneno kama yale, kitaoza.

Mjomba Iddi alikuwa amekaa akitazama viatu vyake — vyeusi, vinang'aa, hupigwa rangi kila siku hata kama haendi popote. Baadaye akaniambia polepole: "Mpwa wangu, soma tena hapo pa mwisho." Nikasoma. Hajapata kuwako popote.

"Kesho," akasema, "uje na karatasi."

Jumapili, 8 Agosti

Nimeandika barua kutwa. Mjomba alikuwa akitembea chumbani, mikono nyuma, akitoa maneno kama anayetoa amri. Mstari wa kwanza: "Kwa Mhariri. Bwana, mimi ndimi askari wa namna hiyo." Nikamwambia ni mwanzo mzuri. Akasema anajua.

Nilifikiri tutamtetea Inspekta Mageto. Kumbe Mageto alipata mistari miwili. Iliyobaki ilikuwa ya Mjomba. Mwaka hamsini na sita, shamba la Mzungu mmoja upande wa Galu, ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, likavunjwa, magunia yakaenda. Mjomba, wakati huo konstebo tu, akaona kwenye mchanga alama ya mguu wenye dole lililotanuka. Akaifunika kwa karai isiharibike. Akamtafuta mwenyewe, akampata siku ile ile. Bwana mkubwa wake alimpa mkono mbele ya watu, na mwaka haukuisha akawa koplo.

"Na mwizi alikuwa nani?"

"Alikuwa mwizi," akasema. "Alifungwa, akatoka. Yamekwisha. Andika: wako mtiifu."

Nimeipiga taipu jioni. Watu thelathini na mmoja wametia sahihi, Kanze mara mbili.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimeitia barua posta. Bwana wa Posta aliniuliza mbona stempu nimeibandika kichwa chini. Nikasema ni baridi. Agosti, Msambweni, saa sita mchana.

Jioni nilikuwa nikikuna nazi na Mama. Nikamsimulia habari ya Galu, jinsi Mjomba alivyoifunika alama kwa karai. Mama akaendelea kuchuja tui. Halafu akasema, hivi hivi tu, kama anayeomba chumvi:

"Humjui aliyefungwa?"

"Simjui."

"Humjui. Na kila Alhamisi wampigia kelele ageuze antena."

Niliacha kukuna. Mama akaniambia nilikuwa mdogo, nilikuwa kwa bibi kule Vanga, na jambo lile halikuzungumzwa mbele ya watoto, wala mbele ya Mjomba, kwa sababu yeye ndiye aliyetulisha sote baada ya baba kufa. Chome alipata miaka minne. Alipotoka mkewe alikuwa kwa mtu mwingine. Akarudi kugema.

"Aliiba kweli?"

Mama akasema yeye si hakimu. Nazi ilikuwa bado nusu, nikazane.

Alhamisi, 12 Agosti

Sikuutazama mchezo. Niliwatazama wao wawili.

Mjomba kitini, mbele. Chome dirishani, nyuma, pembe ya kushoto. Kati yao watu sitini na makelele. Miezi mitatu nimefungua ukumbi huu kila Alhamisi na sijawahi kuona wakiamkiana. Nilidhani ni bahati tu, kwamba mmoja huwa chini na mwingine huwa juu.

Kwenye mchezo Ndoro yuko rumande. Mkewe anasema walikuwa pamoja usiku ule, hakuna amsikizaye. Inspekta ameweka mguu wa Ndoro juu ya karatasi akauchora kwa penseli, pole pole, kidole baada ya kidole. Hapo picha ikawa mchele. Watu wakalia. Chome akapanda — na leo alichukua muda. Kulia, Mzee Chome. Kulia! Akageuza kushoto. Iliporudi, Inspekta alikuwa amekwisha kuchora na anakunywa chai. Kanze amesema Chome amefanya kusudi. Walicheka. Mimi naona inawezekana.

Aliposhuka nilikuwa chini ya mnazi na taa. Sikukusudia, lakini nilimtazama miguu. Madole gumba yote mawili yamekwenda nje, kama yamegombana na wenzake.

"Shikamoo Mzee Chome."

"Marahaba. Waangalia nini, mwanangu?"

Nikasema, naangalia asijikwae. Mtu anayepanda mnazi! Akacheka kidogo. "Ni vipandio," akasema, akakitia dole kimojawapo ili nione. "Mgema yeyote, mwambie avue viatu. Utaliona dole hili hili. Ukiona mgema hana, huyo hununua tembo kwa wenzake."

Akarudi dirishani. Nimekaa na taa yangu.

Jumamosi, 14 Agosti

Barua yetu imetoka! Yote, pamoja na "wako mtiifu". Mwalimu Rai amehesabu makosa ya chapa, matatu. Mjomba alivaa kofia mpya kuja kuisikiliza.

Kisha chini yake, jibu la Jicho Kavu.

"Ndugu zangu wa Msambweni, nimewasoma kwa furaha, mwaandika Kiswahili kizuri kuliko Inspekta Mageto akisemavyo. Koplo Iddi nampigia saluti. Nilisema askari wa namna hii hajapata kuwako. Nimekosea, yuko, na ana taipu. Lakini namwomba jambo moja. Penye mbata pana wagema, na mgema hana dole lisilotanuka. Siku moja awakusanye wagema wote wa mji huo, awapange mstari, wamtolee miguu. Kisha atuambie bila kutazama nyuso: yupi ni yupi?"

Watu walicheka. Ni lazima niandike ukweli, hata mimi nilicheka, kabla sijafikiri. Kanze — ambaye alikuja huku kuolewa kutoka Kinango miaka mitatu tu iliyopita, na hajui lolote — akageuka kule Chome alikokuwa amekaa, kwenye ukingo wa baraza, akasema:

"Mzee Chome, wewe hapo ungefungwa wa kwanza!"

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Niliona vile kicheko kilivyokatika, upande mmoja wa baraza tu, kama kitambaa kilichopasuliwa. Mjomba alikuwa akikunja gazeti, akalikunja tena, na tena, likawa dogo kama bahasha.

Chome akainuka. Akasema, kwa sauti ile ile yake ya kawaida: "Bwana huyu wa gazeti amesema kweli." Akaondoka.

Mtu wa kwanza Msambweni nzima kumkubali Jicho Kavu. Wakamwita msaliti. Mwalimu Rai akasema kila mtu ana haki ya maoni yake. Mwingine akauliza: na Alhamisi atapanda nani?

Jumatatu, 16 Agosti

Mjomba alikuja ofisini asubuhi, mapema, hata mlango sijafungua. Anataka barua ya pili. Hii iwe kali. Iwe na kila kitu: mwaka, shamba, namba ya kesi, na jina.

"Jina la nani, Mjomba?"

"La mwizi. Wataka ushahidi, nitawapa ushahidi."

Nikamwambia atasomwa nchi nzima. Akasema, ni kweli au si kweli? Nikamwambia ni mtu aishiye hapa, atembeaye hapa. Akasema, ni kweli au si kweli?

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda kwa sababu mkono ulikuwa juu ya taipu na macho yangu kwenye herufi. Nikauliza:

"Mjomba, shamba lile lilikuwa na wagema wangapi?"

"Sita."

"Uliwatazama wote miguu?"

Barabarani lilipita gari la hoteli, likapita jingine. Nikainua macho. Mjomba alikuwa akinitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Wa kwanza alilingana," akasema. "Bwana mkubwa akasema yatosha."

Akatoka. Kofia aliiacha juu ya meza. Sijamwona Mjomba Iddi barabarani bila kofia tangu nizaliwe.

Jumanne, 17 Agosti

Nimemrudishia kofia kupitia kwa Mama. Amerudi na uso wa mvua. Mjomba hakula jana, hakula leo. Nimeulizwa kama shule nilipelekwa ili nije kuhoji wakubwa wangu. Nikasema sikuhoji, niliuliza. Mama akasema ndiyo maana yake.

Barua ya pili nimeipiga taipu hivyo hivyo. Jina nimeacha nafasi.

Alhamisi, 19 Agosti

Siku ya mchele.

Chome hakuja. Upepo wa kusi ulivuma tangu alasiri, na ilipofika saa moja hakukuwa na Inspekta, hakukuwa na Ndoro, kulikuwa na mchele mtupu na sauti. Mwalimu Rai alivua viatu akaukabili mnazi. Alifika kimo cha mtu na nusu, akasema kutoka hapo aona antena vizuri, akashuka. Suruali imepasuka. Nimempa pini.

Kwa hivyo tulikaa, watu sabini, tukiitazama sauti. Na ajabu: bila picha, mchezo haukuwa mzuri. Inspekta asema, "Ehe." Kimya. "Basi." Kimya. Mtu anatembea, anatembea, anatembea. Mama mmoja akauliza hawana baiskeli? Kanze alisema huenda Jicho Kavu naye aliutazama siku ya mchele, maskini, na sisi tumemlaumu bure.

Kiti cha Mjomba kilikuwa kitupu. Watu walisimama ukutani, hakuna aliyekikalia.

Wiki ijayo ni sehemu ya mwisho. Kwa kauli moja nimetumwa kwa Chome nikamwombe radhi. Ya nini, hakuna aliyesema. Wadogo wanadhani ni kwa ajili ya utani wa Kanze.

Ijumaa, 20 Agosti

Baada ya swala nilikwenda. Anakaa peke yake, upande wa Gazi, nyumba ya makuti iliyofagiliwa vizuri kuliko yetu. Alinitolea kigoda, akanipa dafu, akaniuliza habari za Mama, za kazi, za televisheni. Kila habari ilikuwa njema. Kisha tukawa hatuna habari.

Nikasema watu wote wamenituma, wanamwomba arudi.

"Watu wote?"

Nikaangalia dafu langu. "Karibu wote."

Akacheka. Akaniuliza jana ilikuwaje, nikamweleza mchele na pini ya Mwalimu, na akacheka mpaka akajipangusa macho. Halafu akauliza kwa hima — nikaona hasa alichotaka kujua — "Yule mke wa Ndoro, wamemsikiza?" Nikasema sijui, hatukuona. Akasikitika kweli.

Yeye ndiye aliyeanza. Sikumuuliza. Usiku ule wa Galu alikuwa matangani Mwabungo, kwa marehemu mjomba wake. Alikaa hadi alfajiri, wakacheza ngoma za kilio, watu wamejaa. Alimwambia konstebo hivyo. Alimwambia hakimu wa Kwale hivyo. Watu walikuwa tayari kuja kusema. "Hakuna aliyewaita, mwanangu. Mguu ulikwisha kusema."

"Na aliyeiba?"

"Sijui. Hata leo. Nilikuwa nikifikiri sana habari hiyo, nikaacha, nikaona nitamchukia kila mgema." Akaupangusa mchanga mguuni. "Mjomba wako alikuwa kijana. Hakunipiga. Wengine walipigwa."

Nikanywa dafu lililokwisha.

Alhamisi atapanda, amesema. Mnazi hauna kosa. Lakini aliomba kitu. Kwa vile mimi ndimi mwandishi wa barua za mji, nimwandikie na yeye moja. Fupi. Nikachana karatasi ya daftari. Hii hapa yote:

"Kwa Bwana Jicho Kavu. Umepatia. Sisi wagema mguu wetu ni mmoja. Mwambie mwandishi wa mchezo amsikize mke wa Ndoro. Mimi ni Chome wa Gazi, najua."

Kuandika hajui. Nilimpaka wino wa kalamu kwenye kidole, akakibandika, akakitazama sana. "Hiki nacho wasema ni cha mtu mmoja tu?" Nikasema ndivyo wasemavyo. "Basi siku ile wangetazama juu kidogo," akasema.

Jumamosi, 21 Agosti

Jicho Kavu leo ameandika juu ya mchezo mwingine, wa ndoa. Ni mbaya pia. Watu wamesikitika kwamba ametusahau. Kanze amesema mtu akikutukana wiki mbili halafu akanyamaza, unaona kama umeachwa.

Barua mbili kwenye mtoto wa meza. Ya Mjomba yenye nafasi ya jina, ya Chome yenye jina na kidole. Sijaitia posta hata moja. Nikiituma ya Chome, nimemuumbua ndugu wa mama yangu, aliyenilipia shule. Nikiizuia, mimi ni hakimu wa Kwale. Bwana wa Posta ameniuliza mbona siku hizi sileti barua. Nikasema hakuna wa kumwandikia. Akanielewa vibaya, akaninunulia soda.

Jumatano, 25 Agosti

Mjomba amekuja. Amekonda. Kofia kichwani, alhamdulillahi.

"Barua yangu iko wapi?"

Nikafungua mtoto wa meza. Nilikuwa nimezipanga, ya kwake juu. Nikavuta haraka, zikatoka zote mbili, na ile ya karatasi ya daftari ikaanguka mezani, kidole juu. Mjomba ametazama alama maisha yake yote. Aliichukua kabla ya ile yake mwenyewe.

Alisoma akiwa amesimama. Ni mistari minne. Nilisikia jenereta ya hoteli ya chai ikizimwa, ng'ambo, na ikawashwa tena.

"Alikuja kwako, au wewe ulimwendea?"

"Nilimwendea, Mjomba."

"Akasema nini juu yangu?"

Nikamwambia. Kwamba alikuwa kijana. Kwamba hakumpiga.

Mjomba akaketi. Kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mbovu, na hata hakujali kinavyoyumba. Akasema — si kwangu hasa — kwamba alikuwa na miezi minane kazini. Kwamba watano wengine walikuwa wamekaa pale pale, kwenye kivuli cha ghala, hatua kumi. Angewaambia tu watoe miguu. "Hatua kumi," akasema. "Nikaogopa. Kama wote wangelingana, ningekuwa sina kitu cha kumpelekea bwana mkubwa."

Nilitaka kumshika mkono. Kwa Mjomba mtu haoni pa kushika.

Akazirudisha barua zote mbili mezani, akazilinganisha pembe. "Ziweke," akasema. Mlangoni akauliza kesho mchezo ni saa ngapi, kama vile hajui.

Alhamisi, 26 Agosti

Naandika hapa ofisini, chumba cha pembeni, dirisha wazi. Ndani sehemu ya mwisho inaendelea na mimi siko. Sijali nani aliua.

Mambo yalikuwa hivi. Ukumbi ulijaa tangu alasiri, watu waliswali magharibi hapa hapa uani. Chome alikuja, wakampokea kama Inspekta mwenyewe. Kanze alimpa viazi vya bure na akamwomba msamaha kwa sababu ambayo amekwisha kuambiwa, nadhani, maana alikuwa akilia ndani ya viazi. Chome akamwambia pilipili imezidi.

Mjomba hakuingia. Nilimwona ameegemea ukuta wa nyuma, upande wa mnazi. Kiti chake mbele kimekaliwa na Mwalimu Rai, kwa ruhusa.

Upepo ukaja mke wa Ndoro alipokuwa anasimama mahakamani. Mchele. Watu wakaita kwa sauti moja, na Chome akapanda. Nami nikatoka na taa.

Picha ikakaa. Ndani wakashangilia. Chome akaanza kushuka, na alipofika nusu Mjomba akaja, akasimama chini ya shina.

"Chome."

Chome akasimama pale pale, vidole kwenye vipandio. "Picha imepotea?"

"Haijapotea. Shuka."

Akashuka. Wakasimama karibu, karibu kuliko nilivyopata kuwaona. Mjomba akaamkiwa, akaitikia. Nilidhani atasema aliyokuja nayo, niliona midomo yake ikiyatafuta. Lakini Mjomba hajui maneno hayo. Anajua kazi moja tu. Akatoa mfukoni kitabu kidogo cheusi, cha polisi, cha zamani sana, akakifungua kwenye ukurasa mweupe.

"Matanga ya Mwabungo," akasema. "Yalianza saa ngapi?"

Chome akajipangusa mikono. Nami nikaona heri niondoke, nikaja hapa.

Sasa wamekaa juu ya gogo chini ya dirisha langu. Chome ndiye anayesema. Mjomba anauliza, kwa sauti ile ya koplo, lakini polepole: nani alikuwa kushoto kwako, nani alipiga ngoma, akina nani walikuona alfajiri. Katika hao wangapi wako hai. Chome anahesabu kwa vidole. Mwenye ngoma amekufa. Nzai yuko, ila haoni. Jumwa yuko, Kinondo, ana akili zake zote. Mjomba asema Jumatatu wataanza na Jumwa, kisha mahakamani Kwale. Chome amemuuliza Kwale watafanya nini sasa, ni miaka kumi na mitano. Mjomba amesema hajui. Amesema ataandika kwanza.

Ndani ukumbi wote umepiga kelele — nadhani muuaji amejulikana. Hakuna aliyegeuka pale kwenye gogo.

Mjomba ametikisa kalamu yake. Ameitikisa tena. Amenyoosha mkono dirishani bila kunitazama, macho kwa Chome asije akapoteza jina linalofuata. Anataka kalamu. Ninayo hii moja tu